Orodha Ivukapo Mpaka: Mkato, Nukta na Namba za Simu Katika Lahajedwali

Mtu asafiriye kutoka Kasese kwenda Bwera, akaendelea mbele kidogo hadi Mpondwe, hufika penye mto mwembamba uitwao Lhubiriha. Ng'ambo ya pili ni Kasindi, nchini Kongo. Watu wa pande zote mbili huelewana bila taabu. Lugha ya nyumbani ni karibu ile ile, Lhukonzo huku na Kinande kule, na Kiswahili husaidia sokoni, kizuizini na kambini. Hata hivyo iko tofauti moja ndogo ambayo wengi hawaitambui mpaka iwatie hasarani. Huku Uganda, tuliofuata desturi ya Kiingereza, uzito wa kilo kumi na mbili na nusu huandikwa 12.5, kwa nukta. Kule Kongo, ambako shule na ofisi hufuata desturi ya Kifaransa, uzito huo huo huandikwa 12,5, kwa mkato. Na ukiandika 12,500, Mganda husoma elfu kumi na mbili na mia tano, hali Mkongo husoma kumi na mbili na nusu iliyopimwa mpaka gramu ya mwisho.

Watu wawili wakisimama mbele ya mzani mmoja hawakosi kuafikiana, kwa maana gunia wanaliona. Kompyuta hailioni gunia. Yenyewe huona tarakimu na alama tu, na kwa hizo hukata shauri.

Ndugu msomaji, ukurasa huu wa nyumbani huenda ukaonekana si mahali pa kuzungumzia kompyuta. Lakini siku hizi orodha zetu nyingi hupita humo: akiba za vyama vya akina mama kambini, alama za watoto shuleni, majina ya waliochanjwa zahanati, kilo za kahawa walizopeleka wakulima wa milimani, taarifa ya akaunti itokayo benki. Nyingi kati ya orodha hizo huletwa zikiwa katika faili la namna ya CSV, na mpokeaji hutakiwa kuziingiza katika lahajedwali ili azipange na kuzijumlisha. Kazi hiyo huonekana nyepesi. Hubonyezwa mara mbili, orodha ikafunguka, kila mtu akaridhika. Hapo ndipo mambo huharibika, na huharibika kimya kimya.

FAILI LA CSV NI KITU GANI

Faili la CSV ni maandishi matupu, hayana rangi wala mistari ya jedwali. Kila mstari ni habari za mtu mmoja au kitu kimoja, na kila habari hutengwa na inayofuata kwa alama ya mkato. Tutazame mfano wa mistari miwili ya orodha ya chama cha akina mama wauzao kahawa:

Namba,Jina,Nyumba,Tarehe,Kilo
007,Masika,3/4,05/06/2024,12.5

Mstari wa kwanza ni vichwa vya safu. Wa pili ni mwanachama wa saba, anayekaa jengo la tatu mlango wa nne, aliyeleta kilo kumi na mbili na nusu tarehe tano mwezi wa sita. Sisi tuliopata kusomeshwa ualimu tutalifananisha faili hili na daftari la mahudhurio ambalo mwalimu hakulichorea mistari ya wima, akatia vikato mahali pa mistari hiyo. Ikiwa habari yenyewe ina mkato ndani yake, kwa mfano "Bwera, karibu na soko", hufungiwa katika alama za mtajo ili mkato huo usidhaniwe kuwa mpaka wa safu. Kanuni hiyo imo katika mwongozo wa mwaka 2005 uitwao RFC 4180, ingawa desturi yenyewe ya kutenga habari kwa mikato ni ya zamani kuliko mwongozo.

Lahajedwali nalo ni programu ya kompyuta yenye visanduku vilivyopangwa kwa mistari na safu, ambavyo huweza kujumlishwa na kupangwa upya mara moja. Programu ya kwanza iliyopata umaarufu kwa kazi hiyo ni VisiCalc, ya mwaka 1979. Leo maofisini utaikuta Excel, na wasiotaka kulipa hutumia Calc iliyomo katika LibreOffice, ambayo hutolewa bure.

Uzuri wa CSV ni kwamba programu yoyote huweza kuisoma. Ubaya wake ni kwamba haisemi lolote juu yake yenyewe. Haisemi kama 05/06 ni siku ya tano ya Juni au siku ya sita ya Mei. Haisemi kama 007 ni hesabu au ni jina la utambulisho. Haisemi hata kama alama iliyotumika kutenga ni mkato. Kwa kuwa haikuambiwa, programu hukisia, na hukisia kwa kufuata mpangilio wa nchi uliowekwa ndani ya kompyuta. Kompyuta nyingi zinazouzwa kwetu huja zikiwa na mpangilio wa Kimarekani, na wenyewe hawaubadilishi, pengine kwa kuwa hawajui kwamba upo.

MAJINA YETU NA NAMBA ZETU

Mahali pengine kosa la tarakimu moja huweza kusahihishwa kwa kutazama jina la mtu. Bukonzo haiwezekani hivyo, na sababu yake iko katika mila. Kwa desturi ya Wakonzo mtoto hupewa jina kwa kadiri ya nafasi aliyozaliwa. Mwana wa kwanza wa kiume aghalabu ni Baluku, wa pili Bwambale, wa tatu Masereka; binti wa kwanza ni Masika, wa pili Biira, wa tatu Kabugho. Ndugu zao wa Kongo hufuata utaratibu ule ule kwa matamshi yaliyogeuka kidogo: Bwambale wetu ni Kambale wao, na Masereka wetu ni Kasereka wao. Mila hii ni nzuri, kwa maana ukilisikia jina umejua mara moja nafasi ya mtu kwa mama yake. Lakini mpe karani orodha ya watu mia tano wa Bwera na Kasindi, kisha umwambie amtafute Masika! Atawapata wengi, na baadhi yao watakuwa na jina la pili linalolingana pia, kwa kuwa majina ya dini nayo hurudiwarudiwa.

Basi kinachomtenga Masika huyu na Masika yule ni namba: namba ya simu, namba ya kitambulisho, namba ya uanachama, namba ya nyumba. Hizo ndizo programu ya lahajedwali huziharibu kwa wepesi kuliko habari nyingine zote.

Chukua namba ya simu. Uganda namba ya simu ya mkononi huwa na tarakimu kumi na huanza kwa sifuri. Programu ikiiona, hudhani ni hesabu kama hesabu nyingine, na kwa kuwa sifuri iliyo mbele ya hesabu haina thamani, huifuta. Zimebaki tarakimu tisa. Aliyejua atairudisha, lakini mashine ya kutuma ujumbe au fedha haitajua. Ikiwa namba imeandikwa kwa namna ya kimataifa, ikaanza na 256 ya Uganda au 243 ya Kongo, hupatikana tarakimu kumi na mbili, na hapo Excel huionyesha kwa mtindo wa wanasayansi: 2.56772E+11. Namba yenyewe bado imo ndani, imefichwa tu. Lakini mtu akilihifadhi faili hilo tena kama CSV wakati safu iko katika hali hiyo, huandikwa kile kinachoonekana, na tarakimu za mwisho hupotea zisirudi tena. Watu wengi wa mtandao mmoja waliokuwa na namba mbalimbali sasa wana namba moja isiyokuwa ya mtu yeyote.

Namba ndefu zaidi zina msiba mwingine. Excel hushika tarakimu 15 tu za hesabu yoyote. Namba ya kadi ya benki yenye tarakimu 16 hugeuzwa ya mwisho ikawa sifuri, bila onyo lolote.

Tena iko ile nyumba 3/4. Katika kambi nyingi familia hutambulikana kwa jengo na mlango. Programu ikiiona 3/4 hudhani ni tarehe, ikaandika tarehe 3 Aprili, au 4 Machi kwa kompyuta ya Kimarekani. Nyumba iliyoandikwa 2E4 hugeuka 20000, kwa kuwa herufi E katikati ya tarakimu huchukuliwa kuwa alama ya kuzidisha kwa kumi mara kadhaa. Mtu atakayetumwa kupeleka barua katika nyumba 20000 atazunguka kambi nzima!

Wasomaji wanaodhani haya ni matatizo ya watu wa vijijini wasiojua mashine, na wawatazame wanasayansi wa chembe za urithi. Baadhi ya chembe hizo ziliitwa kwa vifupisho kama MARCH1 na SEPT1, navyo lahajedwali likavigeuza kuwa siku ya kwanza ya Machi na ya Septemba katika taarifa nyingi za utafiti. Mwaka 2020 kamati ya kimataifa inayosimamia majina hayo iliamua kuyabadilisha, ikawa MARCHF1 na SEPTIN1. Ilikuwa rahisi kubadili majina ya sayansi kuliko kubadili mazoea ya watu na mashine zao. Sisi hatuwezi kumwambia Masika abadili jina.

SIKU ISHIRINI NA MOJA

Watu wa Bwera wanajua thamani ya orodha kuliko wengi. Tarehe 1 Agosti 2018 Kongo ilitangaza mlipuko wa Ebola katika jimbo la Kivu ya Kaskazini, ng'ambo yetu hapo, na mlipuko huo haukutangazwa kwisha hadi tarehe 25 Juni 2020. Tarehe 11 Juni 2019 ugonjwa ulithibitishwa upande wa Uganda kwa mtoto wa miaka mitano aliyevuka mpaka pamoja na jamaa zake. Alipelekwa Hospitali ya Kagando, kisha akahamishiwa kituo cha matibabu ya Ebola cha Bwera. Watu watatu wa familia hiyo waliugua, na wote watatu walifariki. Mwishoni mwa Agosti mwaka huo huo binti wa miaka tisa aligunduliwa na wapimaji hapo hapo Mpondwe, akapelekwa Bwera, naye akafariki. Ugonjwa haukuenea Uganda.

Kazi iliyouzuia ilifanywa na watu wengi: wauguzi, wakaguzi wa mpakani, askari, viongozi wa vijiji. Katikati ya kazi hiyo palikuwa na orodha. Kila aliyemgusa mgonjwa au kukaa naye huandikwa jina, mahali anapokaa, simu yake, na siku aliyokutana na mgonjwa mara ya mwisho. Kwa kuwa ugonjwa huweza kujificha mwilini hadi siku 21, mtu huyo hufuatwa kila siku kwa muda huo wote. Siku ya ishirini na moja ikipita salama, huachiwa.

Sasa tufanye hesabu moja ya kufundishia, ambayo haikutokea bali ingeweza kutokea mahali popote. Tuseme mtu alikutana na mgonjwa tarehe 5 Juni 2019, na orodha imeandikwa kwa desturi yetu, 05/06/2019. Afisa akaifungua katika kompyuta yenye mpangilio wa Kimarekani. Mashine itasoma tarehe 6 Mei. Ikiambiwa iongeze siku 21 itajibu 27 Mei, kisha itamtia mtu huyo katika kundi la waliokwisha muda wao, hata kabla mgonjwa wa kwanza hajathibitishwa. Tarehe ya kweli ya kumwachia ni 26 Juni. Hakuna aliyesema uongo na hakuna aliyekosea kuandika. Alama mbili zimebadilishana nafasi tu.

Linaloongeza hatari ni kwamba kosa hilo haliigusi safu nzima. Tarehe 13/06/2019 mashine ya Kimarekani haiwezi kuisoma, kwa kuwa hakuna mwezi wa kumi na tatu, hivyo huiacha kama maandishi. Safu moja huwa na tarehe zilizogeuzwa kwa siku za mwanzo wa mwezi, na maandishi yasiyohesabika kwa siku zinazofuata. Iko dalili ya kukusaidia. Katika lahajedwali, hesabu na tarehe huegemea upande wa kulia wa kisanduku, na maandishi huegemea kushoto. Ukiona safu ya tarehe ambayo nyingine zimelala kulia na nyingine kushoto, simama hapo hapo. Vivyo hivyo kwa safu ya fedha au kilo: iliyolala kushoto haitajumlishwa, na jumla itatoka pungufu bila mashine kulalamika.

NAMNA YA KUINGIZA

Kanuni ni moja: usilifungue faili la CSV kwa kulibonyeza mara mbili katika Excel. Fungua kwanza lahajedwali tupu, kisha uiamuru programu ilete faili ndani, nawe uwe umekwisha iambia kila safu ni ya namna gani.

Katika Excel za miaka ya karibuni nenda penye neno Data katika mstari wa juu, uchague kuleta kutoka maandishi au CSV, kisha ulionyeshe faili. Hujitokeza dirisha la kuchungulia lenye maswali matatu. La kwanza huuliza asili ya faili, yaani mfumo wa herufi, chagua UTF-8. La pili huuliza alama inayotenga safu. La tatu huuliza kama programu itambue yenyewe aina ya habari. Hapa iambie isitambue. Kisha ingia katika dirisha la kubadilisha, uufanye mstari wa kwanza kuwa vichwa, na uipe kila safu aina yake kwa mkono wako: simu, nyumba na namba za uanachama ziwe maandishi, kilo na fedha ziwe hesabu, tarehe ziwe tarehe, kwa kutaja desturi ya nchi iliyoziandika. Katika Excel za zamani, ambazo bado zinafanya kazi katika ofisi nyingi, amri hiyo hiyo huleta mwongozo wa hatua tatu, na hatua ya tatu ndiyo hukuruhusu kuibonyeza kila safu na kuchagua Text, yaani maandishi, au tarehe ya mpangilio wa siku, mwezi, mwaka. Wengi hubonyeza kumaliza katika hatua ya kwanza kwa haraka ya kwenda chai.

Mimi binafsi huwapendelea watu wa Calc kwa jambo hili. Ukilifungua faili la CSV humo, hata kwa kubonyeza mara mbili, programu hukuuliza kwanza. Huonyesha mistari michache ya mwanzo, ikakutaka useme mfumo wa herufi, lugha, alama ya kutenga, na aina ya kila safu. Programu inayouliza ni bora kuliko inayojidai kujua. Kwa haki ni lazima niongeze kwamba tangu mwaka 2023 Excel mpya nayo ina mahali pa kuizuia isifute sifuri za mbele wala kugeuza tarakimu ndefu. Lakini kompyuta yenye toleo la zamani haina mahali hapo, na hujui faili lako litafunguliwa na nani.

Baada ya kuingiza, fanya hesabu ya kichwa kama mwalimu ahesabuvyo watoto baada ya matembezi. Faili lilikuwa na mistari mingapi? Lahajedwali lina mingapi? Aliyeleta orodha alisema jumla ya kilo ni ngapi? Jambo hili laonekana dogo, lakini Uingereza, yenye wataalamu wake wote, iliumia kwa kulikosa. Mapema Oktoba 2020 ilitangazwa kwamba watu 15,841 waliopimwa na kukutwa na COVID-19, kati ya tarehe 25 Septemba na 2 Oktoba, hawakuingia katika hesabu za kila siku. Maabara zilileta mafaili ya CSV, nayo yakaingizwa katika lahajedwali la mtindo wa zamani lisiloweza kuchukua zaidi ya mistari 65,536. Mistari iliyozidi ilikatwa. Wagonjwa wenyewe walipewa majibu yao, lakini wale waliokaa nao walichelewa kutafutwa. Mtindo mpya huchukua mistari 1,048,576, ambayo yatosha kwa orodha zetu. Hata hivyo faili la zamani likitumiwa tena na tena kama kigezo, mpaka wake hubaki ule ule.

ORODHA ILIYOTOKA KASINDI

Faili lililotengenezwa kwa kompyuta yenye mpangilio wa Kifaransa lina tabia zake. Kwa kuwa mkato umekwisha tumika ndani ya hesabu, kompyuta hiyo hutenga safu kwa nuktamkato. Bado faili huitwa CSV. Likibonyezwa mara mbili huku kwetu, kila mstari hujikusanya karibu wote katika safu moja ya kwanza, Masika na simu yake na kilo zake wamebanana kama abiria wa matatu. Watu hudhani faili limeharibika, wakaomba litumwe upya. Halikuharibika. Katika dirisha la kuingiza, badili alama ya kutenga iwe nuktamkato, na safu zitaachana.

Lakini usifurahi mapema, maana bado iko mikato ya ndani. Hesabu 12,500 ya mzani wa Kasindi, ikiingizwa kwa desturi ya Kiingereza, hugeuka elfu kumi na mbili na mia tano. Mkulima aliyeleta debe amekuwa mwenye malori. Hesabu fupi kama 12,5 huweza kuachwa kama maandishi, isihesabiwe kabisa. Kwa hiyo katika orodha moja yuko atakayelipwa mara elfu moja na yuko asiyelipwa chochote. Dawa yake ni kuiambia programu kwamba safu hiyo ni hesabu ya Kifaransa. Katika Excel mpya chagua kubadili aina ya safu kwa kutaja nchi. Katika mwongozo wa zamani kuna kitufe cha mambo ya ziada ambapo hutajwa alama ya sehemu ya kumi na alama ya maelfu. Katika Calc weka lugha kuwa Kifaransa. Asije mtu akafuta mikato yote kwa amri ya kutafuta na kubadilisha, kwani atabadilisha pia ile iliyomo katika anwani na majina.

Jingine ni herufi zenye alama juu. Jina la Joséphine lililoandikwa kwa Kifaransa likifunguliwa kwa mfumo wa herufi usio wake, hutoka JosÃ©phine. Ukiona vinyago vya namna hiyo, usianze kusahihisha jina moja moja. Rudi mwanzo uchague UTF-8, na vyote vitatengemaa pamoja.

Liko neno kwa askari na jamaa zao. Faili la CSV halina kufuli. Yeyote atakayelipata ataweza kulisoma hata kwa simu, bila programu maalumu. Orodha yenye majina ya askari, simu zao na milango ya nyumba zao haifai kuachwa katika kompyuta ya kukodi mjini Kasese, wala katika flashi inayopita mikono kumi. Kadhalika orodha za wagonjwa. Baada ya kuingiza, futa nakala iliyobaki katika mashine isiyo yako; na ile ya asili, kama ilivyoletwa, itunze mahali pamoja bila kuihariri, maana ndiyo shahidi siku ambayo sifuri zitakuwa zimepotea.

Ikiwa wewe ndiwe mpelekaji wa orodha ng'ambo, andika tarehe kwa kuanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, mfano 2024-06-05. Mpangilio huo hausomwi kwa namna mbili, Bwera wala Beni. Usitie alama yoyote ya maelfu katika fedha. Tena ambatisha karatasi au ujumbe mfupi wenye mambo manne: alama inayotenga safu, alama ya sehemu ya kumi, mfumo wa herufi, na idadi ya mistari. Afisa wa Kasindi akiupokea ujumbe huo atajua la kujibu katika kila dirisha litakalofunguka mbele yake.